Kitenge cha mama na picha za Richter

Hii ilikuwa 2024, Berlin, mama alikuja kunitembelea kutoka Brussels anakokaa na dada yangu, nikampeleka Neue Nationalgalerie, jumba la makumbusho ya sanaa. Nilitaka sana azione zile picha nne za mchoraji Mjerumani Gerhard Richter zinazoitwa Birkenau, za mwaka 2014, maana mimi nilishaenda mara tatu na kila mara nilitoka pale nimenyamaza tu.

Kwa asiyezijua, ni rangi tupu. Nyeusi, kijivu, nyeupe, halafu nyekundu na kijani zinachomoza kama kidonda kilichokwanguliwa, na kila moja ina sentimita 260 kwa 200, hata mtu mrefu anabaki mdogo mbele yake. Hamna mtu, hamna nyumba. Nikamweleza mama kwamba huyo mzee Richter alianzia kwenye picha nne za kamera, walizipiga wafungwa wenyewe kwa siri Agosti 1944 ndani ya Birkenau, ile kambi ya mauaji ya Wanazi, filamu ikatolewa imefichwa kwenye tyubu ya dawa ya meno, basi akazichora kwanza kwenye kanvasi vilevile zilivyo, akaona haiwezekani, ndo akaanza kupaka rangi juu na kuivuta kwa ubao mrefu, tabaka juu ya tabaka, mpaka hakuna kinachoonekana.

Mama akauliza, "Kwa hiyo wapo chini?"

Nikamwambia ndiyo mama, wapo.

Akanyamaza. Ng'ambo ya picha kuna kioo kikubwa cha kijivu cha vipande vinne, nikawa namwona humo, kilemba chake katikati ya zile rangi.

Mimi vita vya kwetu sina sura zake kichwani. Tulitoka Uvira, mashariki mwa Kongo, Oktoba 1996 nina miaka minne, tukavuka Ziwa Tanganyika usiku mpaka Kigoma, baadaye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na ninachokumbuka ni kitenge. Mama alinifunika uso wote, kinanuka mawese na moshi, nyuzi zake ziko karibu kabisa na jicho na mwanga unapenya katikati, kijani, njano, nyekundu inayochezacheza. Ndo vita vyangu hivyo, vyote. Kwa hiyo mtu akisema michoro ya namna hii haina maana huwa naumia kwelikweli, kwangu mimi picha yenye watu wanaoonekana vizuri ndo ingekuwa ya uongo.

Nikamwambia mama palepale, hizi rangi zinanikumbusha kile kitenge ulichonifunika kwenye boti nisipigwe na baridi.

"Haikuwa baridi, mwanangu."

Akaendelea kuangalia, muda mrefu tu, nikadhani yameishia hapo.

"Na kile kitenge kilikuwa cha kijani na njano. Nyekundu haikuwemo."

Nikafungua mdomo nimuulize. Akanishika mkono, akasema miguu inamuuma, nimtafutie pa kukaa.