Daktari Burkitt na makapi ya nafaka
Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, hujulikana zaidi kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake, lakini mimi humsoma kwa sababu ya makapi. Alishangaa kwamba maradhi yaliyojaza wodi za Uingereza, kama vile kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa adimu kwa wanavijiji waliokula viazi vitamu, maharage na nafaka zisizokobolewa. Basi yeye na wenzake wakawamezesha watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, wakahesabu saa zilizopita hadi vitoke, na wakapima uzito wa kinyesi bila aibu yoyote. Kitabu chake cha mwaka 1979 kiliwahimiza wasomaji wa kawaida kurudisha mezani nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mimea isiyomeng'enywa tumboni, iliyo nyingi katika makapi. Nadhani alilibebesha kapi mzigo mkubwa mno, kwani maisha ya kijijini yalitofautiana na ya London kwa mengi. Hata hivyo, tafiti nyingi za baadaye zimeuhusisha ulaji wa nyuzinyuzi na kupungua kwa saratani hiyo ya utumbo. Kwetu sembe bado hupendwa kwa weupe wake, ilhali dona, inayosagwa pamoja na ganda na kiini, hudharauliwa kuwa ugali wa bweni.