Siku Moja Maishani Mwangu: Mimi Ndiye Ninayebeba Choo Kilimanjaro

Saa 10:30 alfajiri. Tupo kambi ya Barranco, karibu mita 4,000, na hema letu limelala mtu mmoja zaidi ya uwezo wake. Aliye katikati anakoroma kama trekta. Mimi hulala mlangoni kwa sababu ya kazi yangu, nitoke kabla ya wote bila kumkanyaga mtu tumbo. Navaa kofia mbili, glavu za mpira juu ya glavu za sufi, nashika tochi, natoka.

Zipu ya hema la choo imeganda. Naibana kiganjani hadi ilegee, na hiyo ndiyo salamu yangu ya kwanza ya siku.

Wagumu ndilo jina letu huku mlimani. Kwenye karatasi za hifadhi tunaitwa wapagazi. Kila mmoja ana mzigo wake: mwingine mtungi wa gesi, mwingine meza na viti, mwingine trei za mayai ambazo zinatakiwa kufika siku ya nne zikiwa bado mayai. Mimi nabeba choo. Ni hema jembamba, refu, kama kibanda cha wakala wa M-Pesa, na ndani yake kiti cha plastiki chenye matangi mawili. La juu la maji ya kusukumia, la chini la hayo yaliyosukumwa, na katikati kizibo cha kuvuta kwa mkono. Getini Machame mizani ilisoma kilo 19 na nusu. Kikomo ni 20, kwa hiyo hakuna wa kunionea huruma.

Wenzangu wananiita Injinia. Mama nyumbani anajua nabeba "vifaa vya wageni", na sijamdanganya. Watu wa mjini wakisikia kazi yangu swali huwa lilelile: na wewe unakitumia? Hapana. Ni cha wageni. Sisi tuna vyoo vya kambi, vile vya shimo, vya ubao, na upepo unaopanda kutoka chini. Safari hii wageni ni wanne na sisi ni kumi na sita. Wanne wana kiti, kumi na sita tuna ubao.

Ugumu wa kazi hii si harufu. Harufu unaizoea kwenye safari ya pili. Tatizo ni kwamba choo hufungwa cha mwisho na hutakiwa kufika cha kwanza. Mgeni atakihitaji dakika ya mwisho kabla ya kuondoka, na atakihitaji dakika ya kwanza akifika. Mwenye mayai anaondoka mapema, anatembea kwa nafasi yake, anafika. Mimi naondoka nyuma ya kila mtu kisha nawapita wote njiani, mzigo ukiwa kisogoni.

Saa 12 wageni wakaamshwa na chai. Saa 1 wakala uji, mayai na soseji. Mpishi wetu ni mzee wa Marangu, huwezi kupita jikoni kwake bila shikamoo, na ukisahau unapewa chai ya chini ya sufuria. Nikaamkia, nikanywa, nikajaza maji tangi la juu. Hadi hapo hakuna cha kusimulia.

Saa 1:40 asubuhi. Hema la kulia chakula limeshuka. Jiko limefungwa. Wagumu wameanza kuvuka kijito kuelekea ukutani. Huku Barranco jua linachelewa kwa sababu ukuta wenyewe unalizuia, kwa hiyo mnakunja mahema yenye barafu na vidole havikunji vizuri. Nikang'oa kigingi cha kwanza.

Ndipo akaja.

Ni mzee wa miaka sitini hivi, kutoka Ulaya, mwembamba, viatu vyake vina safari nyingi kuliko vyangu. Tulimpa jina la Nepal tangu siku ya kwanza, maana hakuna mlo uliopita bila Nepal kutajwa. Nepal hamlali kwenye mahema, mnalala nyumba za wageni zenye jiko la kuni katikati. Nepal mizigo inabebwa na yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu. Nepal amepanda mlima wa Island Peak, zaidi ya mita 6,100, na kiongozi wetu mkuu alilazimika kukubali kwa adabu kwamba ndiyo, hiyo ni ndefu kuliko Uhuru yetu yenye 5,895. Mlima wetu aliutazama kama mtu anayejaribu koti la mdogo wake.

Akanionyesha kidole kimoja, yaani dakika moja. Nikarudisha kigingi.

Dakika kumi. Wenzake watatu wamesimama na fimbo zao mkononi. Dakika ishirini. Kiongozi mkuu akawatanguliza na msaidizi mmoja, akamwacha msaidizi mwingine amsubiri yeye. Nikawa nimesimama hatua tano kutoka hemani. Karibu zaidi ni utovu wa adabu, mbali zaidi anaweza kuita nisisikie. Nikahesabu kunguru. Wale wa shingo nyeupe walikuwa saba, wanazunguka pale jiko lilipokuwa. Kampuni nyingine zikawa zinaondoka, kundi baada ya kundi, na kila kundi lililoondoka lilikuwa linaingia mbele yangu kwenye foleni ya ukuta. Niliona rangi za makoti zikipanda kwenye mwamba kama siafu. Ukiwahi ukuta ule, mgumu anaumaliza chini ya saa moja. Ukichelewa, unasimama nyuma ya kila goti linalotetemeka.

Dakika thelathini na tano akatoka, akasema ahsante kwa Kiswahili, vizuri kabisa, akaenda zake.

Nikafungua tangi. Tishu za maji. Siku ya kwanza mimi huwaeleza wageni kwa mikono na kwa picha: karatasi kwenye mfuko huu, tishu za maji kwenye mfuko huu, ndani ya choo usitupe kitu. Alikuwa ametupa nne, na moja ilikuwa imebana kizibo kisifunge. Kizibo kisipofunga, tangi haliwezi kubebwa. Basi nikapiga goti kwenye umande ulioganda, nikavunja barafu ya ndoo kwa jiwe, nikaingiza mkono. Sitaeleza zaidi, mnaweza kuwa mnakula. Nilimwaga kwenye shimo la kambi, nikasuuza mara mbili badala ya tatu, nikatia dawa, nikafunga kila kitu ndani ya gunia. Kambi nzima ilikuwa tupu. Tumebaki mimi, kunguru, na mlinzi wa hifadhi aliyeniambia, "Injinia, leo umelala?"

Ukuta wa Barranco una mita zipatazo 250. Hakuna kamba, lakini mikono inatumika, na mtu aliyebeba kitu kichwani hana mikono ya ziada. Mimi huweka begi langu mgongoni, choo juu ya begi, nikakibana kwa kisogo, hivyo macho yangu yanaangalia visigino tu. Nilipanda nikisema samahani, samahani kaka, samahani mama, nikipita pembeni ambako wageni hawapiti. Wengi wanapisha. Viongozi wao wanapaza sauti na wao wanajibanza mwambani. Wachache wanapisha upande wa bonde, na hapo unamshika mtu koti kabla hujamjibu salamu.

Kuna sehemu inaitwa Jiwe la Kubusu. Njia inakuwa nyembamba, mwamba unachomoza tumbo, na huna namna ila kuukumbatia uso kwa uso na kuzunguka. Mtu mmoja kwa wakati. Nilipofika, foleni ilikuwa imesimama kabisa. Nikasogea, nikasogea, nikainua macho kidogo. Nepal.

Hakuwa ameogopa, la. Alikuwa anarekodiwa. Amezunguka, akarudi, akazunguka tena, kwa sababu mara ya kwanza jua lilikuwa kwenye kioo cha simu. Nyuma yake nilihesabu wagumu tisa wa kampuni nne tofauti, wamesimama na mizigo kichwani, hakuna aliyetua kwa sababu hakuna pa kutulia. Shingo ikisimama inauma kuliko ikitembea. Kijana mmoja wa mbele yangu, mwenye mtungi wa gesi, akaanza kuimba polepole kwa Kichaga, na maneno yake yalikuwa mabaya sana. Wote tulicheka ila waliorekodi.

Upepo ukageuka. Nepal akanusa, akauliza swali. Msaidizi wa kiongozi, bila kupepesa jicho, akamjibu kwamba hayo ni majani ya mlimani, yanatoa harufu asubuhi. Akaridhika, akayatafuta kwa macho, akapiga picha kichaka.

Baada ya hapo nikawapita. Bonde la Karanga linashuka hadi mtoni halafu linapanda kwa hasira, na nililipanda karibu mbio. Nilifunga kamba ya mwisho ya hema dakika chache tu kabla fimbo zao hazijasikika. Yeye ndiye aliyeingia wa kwanza. Dakika kumi na mbili, hakuna tishu. Nilimwona ametumia mfuko, nikaona aibu kidogo kwa maneno ya ule wimbo. Kidogo.

Chakula cha mchana sikukaa. Nilikula ugali na dagaa nimesimama, nikang'oa, nikafunga, nikaanza tena.

Mto wa Karanga ndio maji ya mwisho. Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,673, haina tone licha ya jina lake, kwa hiyo maji yote ya kupikia na ya kunywa usiku wa kilele yanapanda na mtu. Mgumu mmoja wa maji alianza kuumwa kichwa na kutapika, kiongozi akamteremsha, na sawa kabisa, kichwa cha huko juu si cha kufanyia mzaha. Lakini madumu yake yalibaki. Mpishi akanitazama. "Mwanangu, choo kikishasimama, utanirudia moja?"

Mzee akikuita mwanangu hujibu hapana.

Kuanzia hapo saa sizijui vizuri. Ukungu ulishuka. Nilifika Barafu, nikatafuta kipande cha ardhi tambarare kati ya mawe na sikukipata, nikakitengeneza kwa kupanga vibamba. Vigingi haviingii pale, unafunga kamba kwenye mawe makubwa na kuomba Mungu. Nikateremka Karanga mikono mitupu kufuata dumu, nikipishana na watu wanaopanda wakinitazama kama niliyesahau kitu. Lita 20 ni kilo 20. Maji yana tabia yake: choo kinakaa, maji yanacheza, ukikanyaga kushoto yenyewe yanakwenda kulia. Kuna mteremko wa kokoto kabla ya kambi ambapo nilipumzika mara nne, na mara ya nne nilikaa hadi nikaanza kuona usingizi, nikajizaba kofi. Nilipofika jikoni giza lilikuwa limeingia. Mzee alinipa chai. Ya juu ya sufuria.

Usiku huo ukungu ulifunguka na taa za Moshi zikaonekana kule chini, zote. Nilikuwa nasafisha kiti pale Nepal aliponikuta, na msaidizi wa kiongozi alikuwa karibu, akatafsiri. Akanionyesha simu. Picha ya mtu amebeba pipa la bluu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, nyuma yake barafu na mahema ya njano. Ni kambi ya chini ya Everest. Vyoo vya pale ni mapipa, yakijaa yanashushwa na wapagazi hadi kwenye mashimo karibu na kijiji cha Gorak Shep. Na huko juu zaidi, akasema, tangu 2024 serikali ya mtaa inataka kila mpandaji arudi na kinyesi chake kwenye mfuko.

"Kila mgeni abebe chake?" nikauliza.

"Kila mgeni."

Nilicheka hadi baridi ikaniingia kifuani. Nikamwambia msaidizi amtafsirie: huko kila mtu ni injinia. Akacheka naye. Kisha akauliza nimefika Uhuru mara ngapi. Nimefika Barafu safari nyingi hadi nimeacha kuhesabu. Uhuru, hapana. Choo hakipandi kileleni, kinabaki Barafu, na mwenye choo anabaki nacho. Msaidizi alitafsiri. Mzee hakusema kitu, akafunga simu.

Saa 5 usiku wakaamshwa, chai na biskuti. Wote wanne walipita kwangu, wa mwisho akiwa yeye, na hakukaa. Karibu saa 6 tochi zao zikaanza kupanda nyuma ya tochi za makundi mengine, mstari mmoja mrefu unaokatikakatika kwenye mwamba.

Upepo ulikuwa umeongezeka. Vyoo vya kambi viko ukingoni, kwenye giza, na tumbo langu lilikuwa na dagaa wa mchana. Nikaangalia kushoto. Nikaangalia kulia. Mpishi alikuwa anakoroma.

Nikafungua zipu, nikaingia, nikakaa. Kiti kilikuwa bado cha moto.