Albury, Halafu Basi la Gundagai

Jukwaa la stesheni ya Albury, Australia, haliishi. Nililitembea ncha hadi ncha, begi mgongoni, nikahesabu hatua hadi nikachoka. Mji wenyewe si wa kuhitaji jukwaa refu hivyo. Chanzo ni ukaidi wa serikali mbili: mwaka 1883 reli ya Victoria na ya New South Wales zilikutana hapa mpakani, ya kwanza ikiwa na upana wa milimita 1,600 kati ya vyuma vyake, ya pili 1,435. Behewa la huku halikuweza kwenda kule. Basi abiria wa Melbourne kwenda Sydney, hata usiku wa baridi, alishuka na mizigo na watoto, akavuka jukwaa, akapanda treni nyingine. Mpaka 1962!

Sisi wa Kidatu, Tanzania, hatuna ubavu wa kuwacheka. Kwetu TAZARA, milimita 1,067, inakutana na reli ya kati ya milimita 1,000. Mzigo unashushwa na kupakiwa upya kwa sababu ya milimita 67, ambazo hazifikii upana wa kiganja changu.

Kesho yake nilishuka Cootamundra. Reli ya kwenda Gundagai na Tumut ilifungwa 1984, kwa hiyo nje ya stesheni lilisimama basi, likisubiri treni. Tiketi ni ile ile ya treni. Tulikuwa abiria saba. Dereva, mzee mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini, alipanga mabegi kwenye buti mwenyewe. Hakuna konda, hakuna mpiga debe, wala muziki. Nilikosa kelele, nakiri.

Zamani njia za bara zilikuwa za magari ya farasi ya Cobb & Co, yaliyoanza 1854 kupeleka watu kwenye machimbo ya dhahabu huko Victoria. Bodi lilining'inia kwenye mikanda minene ya ngozi, likayumba kama jahazi. Treni ikayasukuma mbali zaidi na zaidi, hadi la mwisho likafunga kazi Queensland mwaka 1924. Sasa treni nayo imeondoka huku, na njia imerudi kwa basi.

Gundagai nilikwenda kuona daraja la reli. Ni la mbao, linapita juu ya bonde la Mto Murrumbidgee kwa zaidi ya mita 800. Nguzo zimegeuka kijivu, nyingine zimepasuka kwa urefu, na ng'ombe wamejilaza kivulini. Urefu wote huo ni kwa ajili ya mafuriko. Yale ya 1852 yaliufagia mji wa kwanza, na Yarri na Jacky Jacky, wenyeji Wawiradjuri, wakaokoa makumi ya watu kwa mitumbwi.

Siku ya kurudi dereva alikuwa yule yule.

"Umeliona daraja?"

"Nimeliona, mzee."

"Mimi nimepita juu yake, nikiwa na miaka sita," akasema, akafunga buti.