Nimemsamehe baba mkubwa

Baba alipofariki, baba mkubwa aliuza kiwanja chetu cha Kimara. Mama akabaki anapanga chumba Mbagala na sisi watoto. Hakuna aliyemhoji. Kwetu mkubwa hakosei, na mdogo akilalamika anaambiwa hana adabu. Hili linaumiza familia nyingi, jamani, na makanisani tunalipita kimyakimya.

Aliyenisaidia ni Yusufu wa kwenye Biblia. Waliomuuza walikuwa kaka zake wakubwa. Walipofika Misri kutafuta chakula, naye akiwa mtawala huko, hakujitambulisha siku ileile. Aliwapima kwanza, mmoja wao, Simeoni, akawekwa kifungoni. Na hata alipokwisha kuwasamehe, Mwanzo 50:20, bado anawaambia wazi kwamba walimkusudia mabaya. Hakulipaka rangi. Hapo moyo wangu ulifunguka: amri ya kuwaheshimu wazazi hainidai niseme uongo juu ya walichonitenda.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilipanda daladala hadi kwake Gongo la Mboto.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

Nikamwambia, “Baba, kile kiwanja kilituumiza sana, mimi na mama. Nimekusamehe.”

Akanyamaza, anazungusha kikombe cha chai ya rangi mkononi. Hakuomba radhi. Aliuliza tu presha ya mama inaendeleaje, na macho yalikuwa yamejaa machozi.

Hati yoyote ya familia sitampa aishike tena. Ila dawa zake za sukari nitanunua mimi, na Krismasi hii atakula kwetu. Mama amekubali.