Kocha kutoka Kisumu

Nimevuka mpaka pale Isebania na begi moja nije kujitolea Igombe, Mwanza, kwenye programu ya mpira na stadi za maisha, nikijua lugha haina shida, siku ya kwanza nikamwambia dogo "kuja hapa", wee, walicheka! Kumbe huku ni "njoo", na maji unasema "naomba", sio "nipe".

Mahudhurio nayo yanafuata mwezi. Usiku wa giza ndo dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo vijana wakubwa wanaingia ziwani na jioni nabaki na watoto saba na mpira unaovuja, mbalamwezi ikirudi timu imejaa.

Somo wanalolipenda ni la kichocho. Koni ni konokono, mpira ni vijidudu vinavyotoka kwa konokono majini na kupenya ngozi, ukigongwa unakimbilia kwa kocha "kumeza dawa" ndo urudi uwanjani. Juzi namaliza kueleza kwa mbwembwe zote, kabinti kamoja kakanyoosha mkono, "Shikamoo kocha, jana si ulikuwa unaoga ziwani pale mwaloni?"

Marahaba nikaitikia. La kuoga nikaruka, nikapuliza filimbi.