Pango lililokiokoa kiwanda cha mvinyo

Ukiishi Ohio, mgeni akitoka nyumbani atakuambia anataka kuona New York. Mjomba wangu hakuitaka. Amelima zabibu Hombolo, nje kidogo ya Dodoma, tangu mimi sijaanza shule, na aliposikia kwamba huku kwetu kuna kisiwa katikati ya ziwa ambako watu wanalima zabibu na kutengeneza mvinyo, habari ya New York ikaishia hapo. "Mpwa, nipeleke nikaone hayo mashamba. Maghorofa nimeyaona Dar."

Alikuja mwezi wa sita, kabla zabibu za mavuno ya pili hazijaiva kule kwao. Kisiwa chenyewe kinaitwa South Bass, kipo Ziwa Erie, na kijiji chake ni Put-in-Bay. Kutoka Columbus unaendesha kuelekea kaskazini saa mbili na ushee mpaka Catawba, unaliacha gari pale na kupanda kivuko. Majini hamkai hata nusu saa. Mjomba, mtu wa nchi kavu, alisimama njia nzima ameshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, akidai anapenda upepo.

Watu wengi hawaendi Put-in-Bay kwa ajili ya zabibu, niseme wazi. Jumamosi ya kiangazi ni vijana, muziki, na bia tangu saa nne asubuhi. Kama una mzee, nenda katikati ya wiki. Kisiwa ni kidogo na karibu kila mtu anazunguka kwa kigari cha gofu cha kukodi, nasi tukakodi chetu. Tukaupita mnara wa ukumbusho wa Oliver Hazard Perry, kamanda wa majini wa Marekani ambaye meli zake ziliwashinda Waingereza kwenye ziwa hili tarehe 10 Septemba 1813. Una urefu wa futi 352, nguzo moja ya mawe iliyosimama peke yake. Mjomba akainua kichwa, akasema "Sawa," akauliza mashamba yako wapi.

Mizabibu ya kwanza tuliikuta kando ya barabara na ilibidi nisimame. Akashuka, akapita mstari wa kwanza bila kusema kitu, akainama kuangalia chini ya majani. Zabibu zilikuwa ndogo bado, kama punje za pilipili manga, kijani kabisa. Akashika shina, akaligeuza kidogo kwa vidole, akatazama mahali lilipokatwa mwaka jana.

"Hawa wanavuna mara ngapi?"

"Mara moja, Mjomba. Mwezi wa tisa, wa kumi."

"Mara moja kwa mwaka!" Akanitazama kama vile nimemwambia hawa watu wanaumwa. "Sasa wanakula nini?"

Kwa asiyejua: Dodoma hakuna theluji, kwa hiyo mzabibu haulali. Ukiukata matawi unachipua, ukichipua unazaa, ndiyo maana mkulima wa kule anavuna mara mbili. Huku mzabibu unalala miezi mingi chini ya baridi inayogandisha hata maji ya ziwa. Na hapo ndipo kisiwa kinapoonyesha maajabu yake. Erie ndilo ziwa lenye kina kifupi kuliko yote katika yale Maziwa Makuu matano ya Amerika Kaskazini. Kiangazi maji yake yanapata joto kweli kweli, na joto hilo hayaliachii haraka, kwa hiyo wakati bara wanaamka kukuta jalidi, ule umande ulioganda, kwenye majani, kisiwani zabibu bado zinaiva. Masika ya huku mambo yanageuka: ziwa ni la baridi bado, linauchelewesha mzabibu usichipue mapema, na jalidi la mwisho linapita kabla machipukizi hayajatoka. Nilimweleza Mjomba hivyo tukiwa bado kati ya mistari. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo ziwa ndilo bwana shamba." Nikakubali.

Zabibu inayotawala visiwa hivi ni Catawba, aina ya Kimarekani, nyekundu iliyopauka. Zamani mvinyo wake ulitengenezwa kusini ya mbali, Cincinnati, kando ya Mto Ohio, na tajiri mmoja aliyeitwa Nicholas Longworth alijipatia jina kubwa kwa mvinyo wa Catawba wenye mapovu. Kisha magonjwa ya ukungu yakaingia mashambani na kuyamaliza. Wakulima wakahamia huku kaskazini, upepo wa ziwa unakokausha majani. Mjomba alitikisa kichwa pale niliposema ukungu. Hilo halikuhitaji maelezo.

Kiwanda tulichokwenda ni Heineman's, kwenye barabara ya Catawba. Kilianzishwa mwaka 1888 na Gustav Heineman, Mjerumani aliyetoka Baden, na mpaka leo kipo mikononi mwa ukoo huo huo. Kwa nje si jumba la kutisha. Kuna bustani yenye meza, kaunta ya kuonjea, na watu wanakula jibini na biskuti za chumvi chini ya miti. Unakata tiketi moja tu: inakuingiza pangoni, inakutembeza kiwandani, na mwisho inakupa glasi ya mvinyo, au ya juisi ya zabibu kwa asiyekunywa.

Nilikuwa nimemwambia Mjomba habari za pango akapuuza. Mashimo kwao yapo. Lakini mlango unafunguliwa, unaona ngazi zinashuka moja kwa moja ardhini, na ile hewa inakukuta usoni. Juu tulikuwa tunatoka jasho. Chini ni kama nyuzi 12 za Selsiasi, kiangazi na kipupwe. Beba sweta.

Unashuka kama futi 40 hivi, na ngazi zina unyevu, kwa hiyo nilimtanguliza Mjomba akashika reli mimi nikiwa nyuma yake. Nilitegemea uwazi mkubwa kama wa Amboni, popo na giza linaloenda mbali. Hakuna. Ni chumba, tena si kikubwa, na kuta zake zote, dari mpaka karibu na sakafu, ni fuwele. Hazikuning'inia kama yale mawe ya mapangoni yanayodondosha maji. Zimeota kutoka ukutani kuja ndani, kila moja ina nyuso bapa na kingo zilizonyooka kama zimekatwa kwa msumeno, nyeupe yenye ubuluu wa mbali. Nyingine zina upana kama wa kichwa cha mtu, nyingine zaidi, na zilizo kubwa zinafikia uzito wa ratili 300. Balbu zimewekwa nyuma ya baadhi yake, basi mwanga unapita ndani ya jiwe na unaona nyufa ndogo ndogo zilizonasa rangi. Mjomba aliinua mkono, binti aliyekuwa anatuongoza akasema kwa upole tusiguse. Akaurudisha mkono nyuma, akaushika kwa mkono wa pili, akabaki hivyo kama mtoto aliyeambiwa asubiri chakula.

Kinachofanya mahali hapa pasiwe pango la kawaida ni kwamba mmesimama ndani ya jiwe lenyewe. Pengine umewahi kuona yale mawe ya mviringo yanayouzwa kwa watalii, nje yana sura mbaya, yakipasuliwa ndani yanang'aa. Hili ni mojawapo, ila upana wake unafika futi 35 na watu wanaingia kwa miguu. Linatajwa kuwa kubwa kuliko yote yanayojulikana duniani. Fuwele zake ni za madini ya selestaini, yaani metali iitwayo strontiamu iliyoungana na salfa na oksijeni. Kisiwa kizima kimejaa mashimo chini kwa chini. Pango jingine linaloitwa kwa jina la Perry lipo ng'ambo ya barabara tu. Mwamba wa huku una tabaka ambazo zikinywa maji zinavimba na kuinua kilicho juu yake, kisha maji yale yale yanaziyeyusha na kuacha uwazi. Kwenye uwazi huu maji yenye madini yalikaa muda mrefu yakajenga fuwele moja moja bila haraka.

Liligunduliwaje? Mwaka 1897 kiwanda kilihitaji maji, wakaanza kuchimba kisima. Wachimbaji wakatokea humu.

Mjomba alimtaka yule binti arudie hapo. Nikatafsiri mara ya pili. "Walikuwa wanatafuta maji?" Ndiyo. "Wakapata hivi?" Ndiyo. Akacheka mpaka sauti ikajaa chumba kizima na Wamarekani wawili wazee tuliokuwa nao wakaanza kucheka pia, bila kujua anachocheka.

Hapo mwanzo palikuwa padogo zaidi. Nafasi tuliyosimama imepatikana kwa sababu fuwele nyingi zilivunjwa zikauzwa kwa watengeneza fataki, maana strontiamu ikiungua inatoa moto mwekundu. Kwa hiyo wekundu fulani uliopasuka angani kwenye sherehe za miaka hiyo ulitoka kwenye kuta hizi. Ningependa wangeacha zaidi, lakini bila kuvunja tungesimama wapi?

Halafu ikaja 1920, na Marekani ikapiga marufuku pombe nchi nzima, mpaka 1933. Miaka 13. Fikiria una mizabibu iliyokomaa, mapipa, mashine ya kukamulia, na sheria inasema unachotengeneza ni kosa. Mzabibu hausubiri bungeni wabadilishe mawazo, unazaa tu. Viwanda vingine vya visiwa hivi vilifungwa, watu wakang'oa, wakaondoka. Heineman's walikamua zabibu wakauza juisi isiyochachuliwa, na wakauza tiketi za kushuka pangoni. Shimo lililopatikana kwa kutafuta maji ndilo lililolipa gharama za shamba lisiloruhusiwa kutoa mvinyo. Sheria ilipoondolewa, wao walikuwa bado wapo, na mizabibu ipo.

Ziara ya kiwandani ni fupi na sina mengi ya kuisema. Matangi, mapipa, mabomba, harufu ya chachu. Aliyekwisha kuona kiwanda cha mvinyo ameona vyote. Lakini kwa Mjomba ndipo palipokuwa na mazungumzo. Aliuliza zabibu zinafika hapa kwa muda gani baada ya kukatwa. Akauliza nani anapanga bei ya kilo. Binti, ambaye nadhani alikuwa mwanafunzi kwenye kazi ya likizo, akasema wana mashamba yao na wanakamua wenyewe. Mjomba akanigeukia na kuendelea kwa Kiswahili, kwa sababu hilo halikuwa la binti.

Kwao mkulima mwenye ekari mbili tatu anavuna, zabibu inaanza kulegea siku hiyo hiyo, na mnunuzi anajua. Anaweza kukaa kimya wiki nzima. Ukichoka kusubiri unauza kwa bei yake au unakamua mwenyewe upate mchuzi, yaani maji ya zabibu ya kutengenezea mvinyo, na mchuzi nao unahitaji tangi, na tangi linahitaji pesa ambayo ungeipata kama zabibu zingenunuliwa. "Huyu Mjerumani," akasema, akionyesha dari kwa kidevu, "hakumwomba mtu. Alipozuiwa mlango wa mbele akatokea wa chini." Nikamkumbusha kwamba wa chini alipewa na Mungu. "Ndiyo. Lakini angeweza kuufukia akaendelea kutafuta maji."

Kwenye kuonja nilichukua Pink Catawba, wanayojulikana nayo sana. Ni tamu. Kama umezoea mvinyo mkavu utakunja uso; ina ile harufu nzito ya zabibu za Kimarekani, ambayo viwanda vya pipi vinaiiga, na wanaojua mvinyo wa Ulaya huidharau. Mimi naiona inafaa kwa joto, ikiwa baridi sana, na si zaidi ya glasi moja. Mjomba aliinusa, akaizungusha, akaonja kidogo na kutoa hukumu kwamba hii ni ya harusi. Kisha akaomba juisi, akainywa yote, akaomba nyingine, na hiyo tulilipia. Tukaketi bustanini na jibini letu, naye akachukua karatasi ya leso akaanza kupiga hesabu: watu waliokuwa kwenye kundi letu, mara makundi ya siku nzima, mara miezi ambayo kivuko kinaleta watalii. Hakunionyesha jibu.

Kama unapanga kwenda, angalia kwanza kama msimu wa ziara umefunguliwa, maana ukija majira ya baridi utakuta ziwa limeganda na vivuko vimesimama. Anayeumwa magoti abaki juu. Hakuna lifti, na mlikoshukia ndiko mtakakopandia. Pia ulizia saa ya kivuko cha mwisho kabla hujaagiza glasi.

Tulipanda cha saa kumi jioni. Safari hii Mjomba hakushika chuma, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na simu. Dodoma ilikuwa saa tano usiku na binamu yangu alipokea kwa sauti ya usingizi. Mjomba hakumsalimu. Alitaka kujua kile kisima cha Hombolo walichokiacha kwa kukosa maji walikuwa wamefika mita ngapi, na kama shimo bado liko wazi. Kukawa kimya kidogo, halafu nikamsikia binamu akiuliza kama baba amekunywa.