Kulisogelea Ua kwa Kamera ya Zamani

Roli yangu ya kwanza ya picha za maua ilitoka kwenye dawa ya kusafishia filamu ikiwa karibu tupu. Niliuinua ule ukanda uliolowa mbele ya dirisha, nikageuza huku na huku, na katika fremu nyingi kati ya zile 36 sikuona ila vivuli hafifu, mithili ya alama ya kikombe iliyobaki mezani baada ya kufutwa. Kosa halikuwa la dawa wala la filamu. Lilikuwa langu, kwa sababu sikujua bado kwamba kulisogelea ua kuna gharama yake, na kwamba gharama ya kwanza hulipwa kwa mwanga.

Kamera ninayoitumia ni Zenit-E, ya Kisovieti, nzito kama tofali, iliyofungwa lenzi ya Helios 44-2 yenye urefu wa fokasi wa milimita 58. Lenzi hiyo haiweki fokasi karibu zaidi ya nusu mita, na kwa umbali huo waridi zima huangukia kwenye filamu likiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ili kusogea zaidi nilipata pete tatu za chuma, za milimita 7, 14 na 28, ambazo hazina kioo chochote ndani yake na kazi yake yote ni kuisukuma lenzi mbali na filamu. Hufungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Nikiziunganisha zote tatu napata milimita 49, na ukigawa 49 kwa 58 unapata ukuzaji wa takriban 0.84, yaani ua kwenye filamu lina 0.84 ya ukubwa wake halisi, na fremu nzima inajazwa na kipande cha ua chenye upana wa sentimita nne na kidogo.

Hapo ndipo mwanga unapopotea. Lenzi inapokaa mbali zaidi na filamu, mwanga ule ule hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, na kila sehemu ya filamu hupata kiasi kidogo. Hesabu yake ni nyepesi: chukua ukuzaji, ongeza moja, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa pete zangu zote jibu ni kama 3.4, yaani filamu inadai mwanga zaidi ya mara tatu ya ule ulioonyeshwa na kipima mwanga. Kamera inayopima mwanga kupitia lenzi ingeugundua upungufu huo yenyewe. Kipima mwanga cha Zenit-E ni cha seleniamu, kisichohitaji betri, nacho kimekaa juu ya lenzi kikitazama mbele; hakina habari kabisa kwamba nyuma ya lenzi kumeongezwa bomba la sentimita tano. Nilikiamini neno kwa neno, na roli nzima ikaenda.

Sasa naandika hesabu kwenye daftari kabla ya kubonyeza kitu. Tuseme kipima mwanga, kwa filamu ya ISO 400 (kiwango cha wepesi wake wa kunasa mwanga) kivulini, kinasema f/16 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) kwa sekunde 1/60. Nikiwa na pete zote natakiwa kuongeza karibu hatua mbili, kila hatua ikiuzidisha mwanga mara mbili. Ningependa kubaki na f/16 na kushuka hadi 1/15, ila shata ya kamera hii, yaani pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye filamu, inaanzia 1/30 na kupanda hadi 1/500, na chini ya hapo ipo B pekee, ambayo huacha shata wazi muda wote kidole kinapoendelea kubonyeza. Basi nafungua tundu la lenzi hadi f/11, naweka 1/30, naiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu na kufyatua kwa waya. Kisha nasubiri upepo utulie, jambo ambalo kwa ua lililo kwenye shina refu linaweza kuchukua robo saa.

Mjerumani Karl Blossfeldt (1865–1932), aliyepiga picha za mimea kwa kamera aliyojitengenezea, akiionyesha hadi mara 30 ya ukubwa wake, aliikwepa shida hiyo kwa kuikata mimea na kuipiga picha mbele ya mandhari tupu. Namwelewa vizuri, hasa siku za upepo, ingawa mimi nimeshindwa kulikata ua kwa ajili ya picha.

Gharama ya pili ni ukali wa picha. Kwa ukuzaji huo na f/11, unene wa eneo linaloonekana kwa ukali haufiki milimita mbili. Kuzungusha pete ya fokasi hakusaidii sana. Unaisogeza kamera yenyewe, nyuma na mbele, kwa kiasi cha pumzi, ukiangalia ukali unavyotembea juu ya ua. Kwenye alizeti hili ni furaha, kwa kuwa kitovu chake ni bapa kiasi, na vijiua vyake vidogo hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, hivyo katika fremu moja unapata duara la vilivyokomaa vikiwa na chavua, na ndani yake duara la vilivyofumba bado. Waridi halikubali hivyo. Lina kina, na ukichagua petali moja umeziacha nyingine zote ziyeyuke. Nimeacha kupambana nalo. Naweka fokasi kwenye ukingo wa petali ya mbele, pale unapojikunja na kuonyesha mishipa yake, na yaliyobaki nayaacha yawe ukungu, kwani picha ya waridi iliyo kali kuanzia mbele hadi nyuma hunikumbusha katalogi ya mbegu.

Roli ya pili iliharibika kwa namna nyingine. Tundu la Helios 44-2 halijifungi lenyewe wakati wa kupiga. Unalifungua hadi f/2 ili uone vizuri unapoweka fokasi, halafu unalifunga kwa mkono kwa pete yake. Fremu tano nilisahau kulifunga, na negativu zake zikatoka nyeusi kama makaa, kwa kuwa kwenye negativu palipopata mwanga mwingi huwa peusi, na kutoka f/11 hadi f/2 ni hatua tano kamili. Katika roli hiyo hiyo majani niliyodhani nimeyaacha nje yalijitokeza pembeni: dirisha la kutazamia huonyesha milimita 20 kwa 28 tu za fremu ya milimita 24 kwa 36, kama theluthi mbili hivi.

Jambo lililonishangaza zaidi, hata hivyo, ni rangi. Filamu ya nyeusi na nyeupe ililifanya waridi jekundu na majani yake ya kijani kuwa na kijivu kimoja, hata ua likazama katika kichaka chake. Macho yangu yalikuwa yameona tofauti kubwa, filamu haikuona yoyote. Kichujio chekundu hulifanya ua liwe jeupe zaidi na majani kuwa meusi, lakini hula mwanga hatua nyingine tatu hivi, nami 1/30 nimeshaimaliza.

Kwa hiyo roli iliyomo sasa ni ya waridi jeupe. Zimebaki fremu 11, na petali za nje zimeanza kugeuka hudhurungi.